Kaka Zangu Watoke

Telesia alitaka kuona moyo. Si moyo wa nyimbo, ule ambao mchungaji aliwaambia kila Jumapili wauoshe, waufungue, wautoe sadaka, mpaka mtu anatoka kanisani akidhani kifuani amebeba sufuria. Alitaka moyo wenyewe, wenye damu, unaodunda. Alitaka pia ini, na figo, na yale matumbo ambayo kitabu cha biolojia kilidai yakinyooshwa yatafika nje ya ua. Kwa ufupi alitaka kuwa daktari wa upasuaji, na hakuwa amemwambia mtu isipokuwa Lute, rafiki yake wa dawati moja, ambaye alimjibu, "Afadhali, maana kupika hujui."

Kwa hiyo iliposikika kwamba Dokta Havea anakuja kisiwani kwao, Vava'u, kwa wiki moja kuwapasua watu waliokuwa kwenye foleni tangu mwaka uliopita, na kwamba Jumatano atapita shuleni kuzungumza na darasa la mwisho kuhusu kazi za hospitali, Telesia hakukaa akatulia. Habari yenyewe ilikuwa na mkia. Daktari angechagua mwanafunzi mmoja. Huyo angesimama naye chumba cha upasuaji siku ya Ijumaa, na akionekana anafaa, angechukuliwa likizo nzima kwenye hospitali kuu ya mji mkuu, Nuku'alofa. Waliochukuliwa miaka ya nyuma wote walikuwa wamekwenda Fiji kusomea udaktari. Wasiochukuliwa walikuwa wanauza vocha za simu.

Jumatano ikafika. Ukumbi ulijaa, wasichana upande wa bahari, wavulana upande wa barabara, kila mmoja amejifunga mkeka wake kiunoni kama desturi inavyomtaka mtu wa heshima. Mchungaji aliomba. Aliwaombea madaktari, akawaombea wagonjwa, akamwombea mfalme, akawaombea wachezaji wa raga, na alipoanza kuviombea visu vyenyewe, Dokta Havea alikohoa. Alikuwa mtu mnene mwenye mikono midogo, aliyezaliwa Auckland na kurudi kwa wazee wake akiwa na nywele za mvi na maneno mengi.

"Asante, mchungaji," alisema. "Sasa nyinyi. Nani hapa anaogopa damu?"

Mikono kadhaa ikanyooka.

"Vizuri. Nyinyi mtakuwa wachungaji. Waliobaki tuendelee."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mchungaji alitabasamu kwa midomo tu. Daktari akaendelea kuwaeleza kwamba mpasuaji si mtu wa ajabu, ni fundi bomba aliyevaa kofia: panapovuja anaziba, palipoziba anazibua. Akasema kwamba kazi yake huku nyumbani ni ngumu kuliko ng'ambo, kwa sababu ng'ambo ukipasua tumbo unaliona tumbo, lakini huku kisu kinasafiri. Akasimulia juu ya shemasi mmoja wa kisiwa ambacho hatakitaja, aliyekuwa amekula nguruwe wa sherehe maisha yake yote. Kabla ya kukifikia kidole-tumbo chake, daktari alisema, karibu aombe afungiwe chakula cha njiani.

Telesia alicheka mpaka machozi. Lute akamchoma kiwiko. "Umeshapata mume wa kisu," alinong'ona. "Mzee, lakini anachekesha."

"Nyamaza nisikie."

"Sikia basi. Ila futa kamasi, atakuona."

Upande wa pili, karibu na mlango, alikaa Kelepi, mtoto wa baba yake mkubwa, mchezaji wa raga mwenye shingo pana kuliko kichwa. Telesia alikuwa ameshamwona tangu mwanzo, kama mtu anavyoona shimo njiani. Kelepi alikuwa kaka yake. Na hakuwa peke yake. Kaka si yule tu mliyetoka tumbo moja. Ni mtoto wa baba mkubwa, wa baba mdogo, wa shangazi, na wa watu ambao babu zao waliitana ndugu. Na kaka na dada hawakai mahali pamoja panapotajwa mambo ya chini ya kitovu. Televisheni ikibusu, mmoja anatoka kuangalia nguo kwenye kamba. Ndiyo maana mwalimu wa biolojia alipofika sura ya uzazi alisema, "Hii mtasoma nyumbani," akaruka kwenda kwenye mimea. Nyumbani kulikuwa na kaka wengi kuliko shuleni, kwa hiyo hakuna aliyeisoma. Isipokuwa Telesia. Yeye aliisoma bandani, mbele ya nguruwe, ambao hawakuwa na undugu naye.

Dokta Havea aliwasha projekta.

"Tumecheka vya kutosha," alisema. "Sasa nataka kumjua huyo mmoja wangu. Kuna mgonjwa alikuja kwangu amejifunga shuka kwa sababu suruali zote zilimkataa. Tazameni."

Akabonyeza. Ukutani, palipozoea kukaa picha ya mwanzilishi wa shule, ikatokea picha ya mwanamume kuanzia kitovuni hadi magotini, na katikati yake kitu kikubwa kama tikiti maji.

Ukumbi ulikufa. Wasichana walitazama mapaja yao. Wavulana walitazama dari, na Kelepi aliitazama dari kana kwamba kuna mtu anatembea juu yake. Mwalimu wa biolojia aligeukia dirisha, akaanza kuhesabu minazi.

"Ni nini hiki?" daktari aliuliza. "Na nitajuaje kama ni hicho na si ngiri? Anayejibu yote mawili, Ijumaa ni yake."

Telesia alijua. Alijua yote mawili, na hata la tatu ambalo halikuulizwa. Mkono wake ulinyanyuka hadi sikioni, macho yakakutana na shingo ya Kelepi kwa mbali, mkono ukashuka kujifanya unakuna nywele.

"Unajua?" Lute alinong'ona.

"Najua."

"Sema."

"Nikitaja kile kitu mbele ya Kelepi, nitakwenda kuishi wapi?"

"Fiji," Lute alisema. "Si ndiko unakotaka kwenda?"

Daktari alikuwa akizungusha macho, akikunja uso. Ilikuwa wazi anadhani amepelekwa kwenye shule ya wajinga. Ndipo Inoke aliponyanyua mkono. Inoke dada zake wote walikuwa Auckland wakifunga matufaha kwenye maboksi, na kwa sababu hiyo alitembea kisiwani huru kama mbuzi asiye na kamba.

"Ni matende, Dokta."

"Nyumba umekosea, lakini mtaa ndio huohuo," daktari alisema, akachangamka. "Na nitayatofautishaje na ngiri?"

"Utapasua uone."

"Hapana. Lakini angalau una mdomo. Kuna mwingine? Hakuna? Basi nadhani tumeshampata..."

Telesia alijikuta amesimama. Baadaye Lute aliapa kwamba hakumsukuma, na huenda ni kweli.

"Dokta," alisema, na sauti yake ikatoka nyembamba kama ya kifaranga. "Ninajua jibu. Lakini naomba kaka zangu watoke."

Ilikuwa kama amemwaga maji baridi kwenye kikaango. Dada kumtaka kaka aondoke si kosa. Dada ndiye mkubwa, hata kama kaka ana ndevu na yeye ana utepe kichwani. Lakini kwa kawaida kaka huondoka mwenyewe kimya kimya, na kila mtu anajifanya alikuwa na haja ndogo. Kutamka hivi hadharani kulikuwa ni kutangaza kwamba yeye, Telesia, msichana wa kwaya, ana neno kinywani ambalo kaka hawezi kulisikia.

Kelepi alikuwa wa kwanza kunyanyuka, tena kwa shukrani. Nusura avunje mlango. Wakamfuata wawili wa upande wa shangazi. Wakafuata mapacha wa kijiji cha Leimatu'a. Mwalimu wa biolojia, ambaye mama yake alikuwa binamu wa baba yake Telesia, alitoka akitembea kinyumenyume. Waliobaki walianza kutazamana, maana hakuna aliyekuwa na uhakika nani ni nani, na ndipo aliposimama Bi Pulotu, mwalimu wa mila, mwanamke mpana aliyebeba kichwani ukoo wa kila mtu hadi watu waliofikia pwani wakiwa juu ya magogo.

"Wewe toka," alisema, akinyoosha kidole. "Wewe pia. Wewe kaa, wewe babu yako aliokotwa tu. Inoke, toka."

"Mimi? Mimi si ndugu yake."

"Bibi yako na bibi yake walinyonya titi moja. Toka."

"Bi Pulotu, mimi ndiye ninayejibu hapa."

"Utajibia nje."

Inoke alitoka amenuna. Upande wa barabara ukawa karibu mtupu kama mdomo wa mzee. Daktari alikuwa akitazama yote hayo mikono kiunoni, mwenye furaha kama mtu aliyekuja kwenye mchezo bila kulipa.

"Haya, dada," alimwambia Telesia. "Wameisha. Sema."

"Bado mmoja," Bi Pulotu alisema.

Watu wakageuka kumtafuta huyo mmoja. Bi Pulotu alikuwa akimtazama daktari.

"Dokta, baba yako si Sitiveni wa Leimatu'a, yule aliyekwenda Auckland kupaka meli rangi?"

"Ndiye."

"Basi baba wa baba yako na baba wa baba yake huyu ni tumbo moja. Wako alikuwa kifungua mimba, wake kitinda mimba. Wewe umeota mvi na yeye bado yuko shule, lakini ni kaka yake. Toka nje."

Dokta Havea alifungua mdomo. Aliitazama picha aliyoiweka mwenyewe ukutani, akamtazama Telesia, na kwa mara ya kwanza tangu aingie, shingo ikamwiva. Kuzaliwa Auckland hakukumsaidia kitu. Alikuwa amemwonyesha dada yake busha, kubwa, la rangi, mbele ya mchungaji. Alikabidhi rimoti kwa nesi wake na kutoka bila kuaga.

Nesi huyo alikuwa Sista Kamla, Mhindi wa Fiji, mtu wa dawa ya usingizi, ambaye katika kisiwa kizima hakuwa hata na shemeji. Alitazama kiti kilichoachwa, akakikalia.

"Haya, binti. Nakusikiliza."

Lakini madirisha yalikuwa wazi, na nje chini ya tangi la maji walikuwa wamesimama kaka wote. Kelepi aliliona hilo kabla ya mwingine yeyote. Akaanzisha wimbo wa kanisani, mrefu, wa beti nyingi, na wenzake wakaudaka, besi zikatetemesha vioo. Daktari alisimama katikati yao. Hakuyajua maneno, alikuwa akifungua na kufunga mdomo kama samaki aliyevuliwa.

"Ni busha," Telesia alisema ndani ya ule mngurumo. "Maji yamekusanyika kwenye kifuko kinachozunguka korodani. Ukitaka kulijua, zima taa, weka tochi nyuma yake. Maji yanapitisha mwanga, linang'aa lote jekundu. Ngiri ni utumbo, haing'ai. Na busha unaweza kulishika ukazungusha vidole juu yake, lakini ngiri haina juu, imeshuka kutoka tumboni."

Wasichana walikuwa wakimtazama kana kwamba ameota pembe. Mmoja alikuwa anaandika haraka haraka. Mchungaji, ambaye hakuwa ndugu wa mtu yeyote kwa vile alitoka visiwa vya kusini, alikuwa amesogea mbele kusikia vizuri, na alionekana ana sababu zake.

"Sawasawa kabisa," Sista Kamla alisema. "Sasa langu mimi. Siku kaka yako akilala mezani ana hilo, utamfanyaje? Utamwomba atoke?"

"Utampa dawa ya usingizi," Telesia alisema. "Aliyelala hana masikio."

Sista Kamla alicheka kwa pua, akaenda dirishani na kumwashiria daktari aingie. Nje wimbo ulikuwa kwenye ubeti wa mwisho, na wavulana, kwa usalama, wakaurudia kutoka mwanzo.

"Ni huyu," Sista Kamla alimwambia daktari, baada ya kuzima projekta. "Amejibu vizuri kuliko wale vijana uliowapeleka Nuku'alofa mwaka jana."

Dokta Havea alimtazama Telesia, kisha akaangalia sakafu. "Sikatai," alisema polepole. "Lakini fikiri, Kamla. Ijumaa yote ni mabusha na ngiri. Nitamfundishaje? Nitasimama kando yake siku nzima nimefunga mdomo? Yule kijana wa matende ana kasoro zake, ila naweza kuongea naye. Nitamchukua yeye."

Telesia alihisi Fiji ikiondoka kama meli iliyokatwa kamba. Akafikiri haraka. Kitu kilichomzuia asubuhi yote ndicho hichohicho kilichokuwa mkononi mwake.

"Kaka," alisema. Hakusema Dokta. "Mimi dada yako ninaomba. Nipe Ijumaa."

Ombi la dada halina jibu la hapana. Kaka anaombwa shati analivua, anaombwa nguruwe anamfungua. Daktari aligeuka kumtazama Bi Pulotu.

"Hiyo si haki," alisema.

"Hiyo ndiyo haki yenyewe," Bi Pulotu alisema. "Ungeuliza ukoo kabla ya kuwasha mashine yako."

Daktari alijipangusa uso. "Ijumaa moja. Kazi isipokwenda, likizo ni ya Inoke, na usiniombe tena."

"Sitaomba tena," Telesia alisema.

Ijumaa asubuhi kazi haikwenda. Chumba cha upasuaji kilikuwa kidogo na baridi, na mgonjwa wa kwanza alikuwa amechomwa sindano ya mgongo, amekufa ganzi kutoka kiunoni kushuka, lakini yuko macho. Kitambaa kilikuwa kimetundikwa kifuani mwake asione, na upande huu wa kitambaa palikuwa na busha, Dokta Havea, na Telesia aliyefunikwa uso mpaka macho, akishika ndoano ya chuma ya kupanulia jeraha.

"Kamla," daktari alisema, akitazama ukuta. "Mwambie mwanafunzi avutie kwake."

"Avutie kwake," Sista Kamla alisema.

"Siyo hivyo. Mwambie kidogo kidogo."

"Kidogo kidogo."

"Mwambie hiki cheupe anachokiona ni..." Daktari alikwama. "Mwambie ni kile."

"Ni kile kipi? Nina presha ya kupima hapa, Dokta. Mimi si simu ya mezani."

Daktari alikata, akafunga, akakata, vidole vyake vidogo vikikimbia, na Telesia hakuelewa hata kimoja. Alitaka kuuliza na hakuweza. Kila alipomtazama daktari, alimkuta anautazama mlango, na alijua kwa mawazo anamwona Inoke amesimama pale na mdomo wake mkubwa ulio huru. Ndoano ilianza kuteleza mkononi kwa jasho.

"Kuna nini huko chini?" sauti ilitoka nyuma ya kitambaa. "Mbona mmenyamaza kama mmepoteza kitu?"

"Hakuna kitu, mzee. Lala," Sista Kamla alisema.

"Nitalalaje, mnafanya kazi kimya kama wezi? Huyo mwanafunzi ni nani?"

"Telesia," Telesia alisema. "Wa Mele, wa Neiafu."

Kitambaa kilitikisika. "Telesia wa Mele? Mpwa wangu? Mimi ni Kitione, kaka wa mama yako. Ulikula kuku wangu wawili Pasaka na hukuaga."

"Mjomba? Na wewe kumbe una..."

"Ninalo. Tangu mwaka juzi. Mke wangu anadhani nanenepa."

Telesia alicheka ndani ya barakoa, akaikaza ndoano mkononi. Kwa mjomba hakuna haya. Mpwa anakula kwenye sahani yake, anachukua kofia yake, anamtukana mbele ya wageni, na mjomba anamshukuru Mungu kwa kupewa mpwa mwenye akili. Daktari alikuwa ameinua uso. Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo hakuutazama mlango.

"Mzee Kitione," alisema taratibu. "Ungependa kunisaidia kazi?"

"Nimelala hapa, sina pa kwenda."

"Mwambie mpwa wako kwamba hicho cheupe ni ukuta wa kifuko. Maji yameshatoka. Sasa tunakigeuza nje ndani, tunashona nyuma, maji yasipate pa kurudi."

"Mpwa," mjomba alipaza sauti, "huyu kaka yako anasema kifuko changu wanakigeuza nje ndani kama soksi. Umesikia?"

"Nimesikia, mjomba. Muulize kwa nini wasikikate chote."

"Anauliza mbona hamkikati chote. Mpwa, usimpe mawazo."

"Mwambie ni swali zuri," daktari alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa ile ya Jumatano. "Kikubwa sana tunakikata. Chake ni cha kati."

"Cha kati?" mjomba alisema. "Nimekibeba miaka miwili, kumbe ni cha kati."

Wakaenda hivyo, maneno yakipanda juu ya kitambaa kwa mjomba na kushuka upande uleule yalikotoka, ingawa daktari na Telesia walikuwa wamesimama bega kwa bega. Telesia aliuliza juu ya mishipa. Aliuliza juu ya uzi. Kila jibu lilifika likiwa limeongezwa chumvi na mjomba, na kila moja lilimkaa kichwani. Daktari alipomtaka mzee amuulize mpwa wake hatua inayofuata ni ipi, Telesia aliijua, akamwambia mjomba, na mjomba akaipeleka kama mtu anayejisifia mtoto wake.

"Mwambie ni sahihi," Dokta Havea alisema, akivuta fundo la mwisho. "Lakini mwambie pia kwamba Nuku'alofa wagonjwa ni wengi. Siwezi kumlaza mezani mjomba wake kila siku."

"Umesikia hilo, mpwa?"

"Mwambie, mjomba," Telesia alisema, "upande wa mama hatujawahi kupungukiwa na wajomba."

Mjomba Kitione alianza kuwataja mmoja mmoja kwa majina, na yupi anatembea vibaya siku hizi. Daktari alimsikiliza kidogo, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Kisha akauinua uzi, akaunyoosha, akamsogezea Telesia mkasi kwenye sinia bila kumtazama.

"Mzee," alisema, "mwambie akate."